Jumanne za Yiamat

Jumanne, 4 Machi 2025

Yiamat amepewa mashine ya kupimia presha, vidonge vya aina mpya, na nesi wa kumtembelea nyumbani kila Jumanne. Mimi nimepewa daftari.

Ndilo hili. Kurasa tisini na sita, jalada la bluu, na namba yangu ya utafiti imebandikwa juu: 117. Maelekezo yanasema niandike kila siku kama nimemeza dawa, pamoja na "jambo lolote utakaloona lina maana kwa afya yako". Nimefundisha sayansi na hesabu miaka thelathini na minne, kwa hiyo daftari tupu halinitishi. Mke wangu Elinipa ameyasoma maelekezo akiwa nyuma ya bega langu, akasema, "Hawa hawajui wamemwambia nani."

Nianze na utafiti wenyewe, maana asiyeelewa mwanzo hataelewa lolote. Watafiti wanataka kujua hivi: mtu mwenye presha akitembelewa nyumbani, tena akapewa kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake, je, ataepuka kiharusi kuliko mwenzake anayeshuka kituo cha afya mwenyewe na kumeza vidonge vya kila siku vya kituoni? Wamegawa watu makundi mawili, la nyumbani na la kituoni. Anayegawa ni kompyuta, kwa bahati tupu.

Mwezi uliopita nilisimama katika ukumbi wa kanisa, mimi mwenyekiti wa kamati ya wanakijiji ya utafiti, nikiwa na mfuko wa maharage mekundu na meupe, nikawaeleza watu kwa nini bahati ndiyo haki. "Tukiwapa dawa mpya wenye bidii, hatutajua kilichowasaidia ni dawa au ni bidii yao. Tukiwapa walio hoi, itaonekana dawa inaua. Bahati haina rafiki, ndiyo maana tunaiamini." Walipiga makofi. Yiamat alipiga kuliko wote, ingawa nadhani alipiga kwa sababu msemaji ni mimi.

Kompyuta ikampeleka Yiamat kundi la nyumbani, ikaniacha mimi la kituoni. Nilimshika mkono nikampongeza.

Presha yangu leo 166/98. Yake 172/100. Nimemeza.

Jumatano, 5 Machi

Nimemeza. Wingu limekaa mlimani, mvua hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemeza.

Jumanne, 11 Machi

Saa nne kasorobo pikipiki ya utafiti imepita hapa getini. Nesi ni Nancy. Huyu Nancy nimemfundisha mimi, darasa la tano hadi la saba. Desimali zilimliza hadi nikawabakiza baada ya masomo, yeye na dada yake, tukazimaliza. Leo amevaa koti la mvua la utafiti na begi lenye vipimo mgongoni.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Shuka unywe chai."

"Nikirudi, mwalimu. Namuwahi mzee Yiamat, tumeambiwa tuwapime kabla ya saa nne."

Hakurudi njia hii. Alishukia ile ya mfereji.

Niseme Yiamat ni nani kwangu. Tulitahiriwa asubuhi moja, mwaka 1969, tumesimama bega kwa bega kwenye baridi ambayo bado naikumbuka kwenye magoti. Yeye alibaki na ng'ombe, mimi nikaenda chuo cha ualimu. Tangu hapo kila kitu kigeni kilichopanda mlima huu kilifikia kwangu kwanza: redio, baiskeli, taa ya jua. Yiamat alikuwa akija jioni, anakaa, ananiuliza kinafanyaje kazi. Sijawahi kumchoka. Sasa najiuliza kama kilichonifurahisha kilikuwa urafiki au yale maswali.

Nimemeza.

Jumanne, 18 Machi

Nimepita kwa Yiamat kumjulia hali. Nilikuta amevaa mkanda wa ile mashine mkononi kama saa ya harusi. Majirani watatu walikuwa wamekaa wakisubiri kuona namba.

"Mia moja sitini na nne!" akatangaza. Wakapiga makofi kama ni magoli.

"Hiyo bado iko juu," nikawaambia.

"Ilikuwa mia na sabini na mbili, mwalimu. Inashuka. Njoo ukae nikupime."

"Siruhusiwi. Mimi ni kundi la kituoni."

"Kundi gani linamkataza mtu kukaa?"

Mke wake, Naipanoi, alicheka hadi akaweka chini bakuli la loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando. Niliwaeleza kwamba nikipimwa pale nitaharibu tofauti kati ya makundi, na tofauti ndiyo utafiti wenyewe. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kutazama namba.

Nimemeza. Nimeteleza kwenye tope wakati wa kurudi, goti la kushoto.

Ijumaa, 21 Machi

Siku yangu ya kituo. Nimeshuka hadi Sekei kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi, nikawa mtu wa thelathini na nane kwenye foleni. Presha 164/96. Tabibu hakuinua uso. Nimemeza.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza, ile ya kweli. Nimesikia pikipiki lakini sikutoka.

Mchana Yiamat amekuja mwenyewe, gunia kichwani, akakaa jikoni karibu na moto. Hakuanza na mvua wala ng'ombe. Alitoa mfukoni karatasi ya vidonge vyake, akaiweka mezani.

"Nimeshindwa, mwalimu. Kila asubuhi nikimeza naona uso wako."

Asiye wa huku hataelewa, kwa hiyo naeleza. Kwetu Waarusha, mtu wa rika lako hawezi kula nyama wewe ukimtazama. Hawezi kunywa maziwa peke yake akajifuta mdomo na kukusalimu. Kilichoingia mkononi mwake ni chenu. Tumelelewa hivyo tangu ujanani, na mzee aliyewahi kula peke yake husemwa mpaka anazikwa.

"Hiyo ni dawa," nikamwambia. "Siyo nyama."

"Inaingia mdomoni?"

"Inaingia."

"Basi. Siku moja wewe, siku moja mimi. Nimeshatenga."

Maneno ya kukataa nilikuwa nayo yote. Niliyasema mbele ya ukumbi mzima, na maharage mkononi. Ningeweza pia kumwambia neno moja rahisi, kwamba dawa ya presha inafanya kazi kwa siku moja tu, kesho yake imekwisha mwilini. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Nilifungua kiganja.

Jumatano, 26 Machi

Nimemeza. Cha Yiamat. Cha kituoni nimekiacha leo ili nisizidishe.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemeza. Cha kituoni.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemeza. Cha Yiamat. Ni kidogo, cheupe, hakina uchungu. Sijui kwa nini nilidhani kingekuwa na ladha.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua siku ya kumi na tano. Maharage yameota vizuri upande wa juu. Upande wa mfereji yamesombwa.

Nancy alisimama getini leo, akiwa hajazima pikipiki.

"Mwalimu, wewe ni rafiki yake. Mzee Yiamat anakula chumvi?"

"Kiasi. Kwa nini?"

"Presha imerudi mia na sabini. Ilishuka vizuri wiki mbili, sasa imepanda. Nimehesabu vidonge, vimeisha sawasawa kabisa. Bibi Naipanoi anasema hajawahi kuruka siku."

Naipanoi hakudanganya. Kila asubuhi anaona kidonge kikitoka kwenye karatasi.

Nikamwambia Nancy kwamba miili hutofautiana. Nilieleza kwa urefu kidogo, habari za mishipa na umri. Alinisikiliza kama zamani, kichwa kimeinama upande. Kisha akashukuru, akaenda.

Na nilipata furaha. Naiandika kwa sababu maelekezo yametaka mambo yenye maana. Niliposikia mia na sabini, kitu kilitulia kifuani mwangu ambacho hakikuwa kimetulia tangu tarehe nne ya mwezi wa tatu.

Nimemeza.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kituo kilinipima jana: 142/86. Tabibu aliinua uso. "Mzee, unafanya nini wewe? Waambie na wenzako." Nilirudi na kupanda bila kupumzika mahali popote.

Nimemeza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya ibada Nancy amekula chakula kwa Yiamat, yeye na mama yake. Nimewaona kanisani wamekaa benchi moja. Alinipungia mkono kutoka kule.

Elinipa akaniambia tukirudi, "Unamtazama yule binti kama amekuibia ng'ombe."

"Nimemfundisha desimali."

"Kila mtu mlima huu umemfundisha desimali, Gadiel. Utawadai wote?"

Nimemeza.

Jumanne, 22 Aprili

Leo hakupita Nancy peke yake. Daktari mkuu wa utafiti, Theresia, amekuja mwenyewe na gari kumwona Yiamat. Gari lilikwama kwenye tope mita mia kutoka getini kwangu. Nilikwenda na jembe nikasaidia kulitoa. Alinishukuru kwa jina, Mwalimu Gadiel, mwenyekiti wetu, kisha wakaendelea mbele.

Wamempa vidonge vyenye nguvu zaidi. Jioni amekuja na sehemu yangu. Hivi vina rangi ya waridi.

"Daktari ameniuliza maswali saa nzima," Yiamat akasema. Alikuwa mchovu, lakini sauti ilikuwa na majivuno. "Saa nzima, mwalimu, mimi tu. Ameandika kila kitu. Hata baba yangu alikufa na nini."

"Umemwambia kuhusu sisi?"

"Hilo halimhusu. Hajauliza nagawana na nani."

Ningeweza kuvirudisha. Badala yake nilimuuliza gari la daktari lina viti vya namna gani.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepiga hesabu moja pembeni mwa ukurasa huu. Nimeifuta. Nimemeza.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Pikipiki imepita. Nimemeza.

Jumanne, 6 Mei

Naandika kwenye benchi la hospitali, mjini. Naandika yote kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi Naipanoi alikuja getini bila kitenge cha kichwani, na mvua ilikuwa inanyesha. Alisema, "Mwalimu, mzee anashika kikombe kinaanguka." Nilikimbia. Nina miaka sabini na mbili na nilikimbia kwenye tope. Nilimkuta Yiamat kwenye kigoda. Upande wa kulia wa mdomo umeshuka, mkono wa kulia umelala kwenye paja kama si wake. Kikombe kilikuwa kimelala chini, maziwa yanakwenda kwenye ufa wa sakafu. Mashine ya presha ilikuwa mezani mbele yake. Alikuwa anajaribu kuifunga kwa mkono wa kushoto.

Sikumsubiri mtu. Nilimfunga mkanda mwenyewe nikabonyeza. 204/116.

Nancy alikuwa ameshaanza kupanda kwa sababu ni Jumanne. Alifika, akamwona, akapiga simu palepale. Vijana walimbeba kwa blanketi hadi barabara ya lami kwa kuwa gari lisingefika juu. Nilishika pembe moja ya blanketi mpaka nilipobadilishwa.

Hospitalini walimpeleka kwenye kipimo cha kichwa. Dokta Theresia akaja, nywele zimelowa. Alimuuliza Naipanoi mbele yangu, kwa upole, "Mama, dawa anameza?"

"Kila siku. Naona kwa macho yangu kidonge kinatoka."

"Na hizi za waridi?"

"Kila siku, daktari. Naapa."

Theresia akamgeukia daktari wa wodi. Nilisikia kila neno. Alisema kwamba kama amemeza kipimo kile kikubwa kila siku na bado amefika mia mbili na nne, basi dawa hiyo haimfai. Itabidi waiache, watumie nyingine kali zaidi, na labda watafute tatizo kwenye figo. Pia aliandika kitu kwenye fomu ya utafiti. Nilikiona: matibabu yameshindwa.

Nilielewa mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, kwamba watamtibu mtu ambaye hayupo, mtu aliyemeza kila siku, na dawa kali za mtu huyo zitaingia kwenye mwili wa Yiamat. La pili, kwamba fomu ile itasafiri, na mahali fulani watu watasoma kwamba kidonge hakifanyi kazi.

Ile hesabu niliyoifuta tarehe 26, ninairudisha hapa, nikiifikisha hadi jana. Tangu tulipoanza kugawana ni siku arobaini na moja. Yiamat amemeza siku ishirini. Mimi nimemeza siku zote arobaini na moja, kwa sababu siku za zamu yake nilikuwa na vya kituoni. Niliipata hesabu hii siku kumi zilizopita. Mtoto wa darasa la nne angeipata siku ya kwanza.

"Daktari," nikasema. "Hajameza kila siku."

Naipanoi akanitazama.

"Anameza siku moja, anaruka moja. Ile anayoruka, nameza mimi."

Nancy alikuwa ameshika begi lake la vipimo. Akasema taratibu, "Lakini niliuliza. Nilikuuliza wewe, mwalimu. Getini."

"Uliniuliza."

"Ukanieleza habari za mishipa."

Nilimpa Theresia daftari hili. Alisoma akiwa amesimama, kurasa zote, mpaka Pasaka, mpaka ile furaha ya tarehe nane. Nilitazama sakafu. Alipomaliza alikwenda kwa daktari wa wodi, akafuta mstari mmoja kwenye fomu akaandika upya. Kisha akanirudishia daftari. "Endelea kuandika," akasema. Hakuniita mwenyekiti.

Saa kumi wameniruhusu kumwona Yiamat. Ameambiwa. Akatoa maneno kwa shida, upande mmoja wa mdomo.

"Umekula. Halafu umesema."

Nimekaa naye hadi muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Leo sikumeza.

Jumatano, 7 Mei

Nimemeza. Cha kituoni.

Jumanne, 13 Mei

Hakuna pikipiki. Saa nne kasorobo nilikuwa getini kama mjinga.

Ijumaa, 16 Mei

Kikao cha kamati. Nimeacha uenyekiti. Nimewaeleza wenzangu sababu, na kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule nilieleza jambo kwa sentensi tatu.

Nilimuuliza Dokta Theresia kama watatuondoa kwenye utafiti, mimi na Yiamat. Akasema hapana. Kila mtu atabaki kundi alilopangiwa na kompyuta, na tulichofanya kitaandikwa kama kilivyotokea.

"Hata kama kinaharibu matokeo?"

"Mwalimu, tukiwaondoa wote waliofanya mambo ya binadamu, tutabaki na maharage yako."

Watu walicheka. Nami nilistahili.

Ameniambia jambo jingine. Nancy amezunguka wiki nzima akiwauliza wazee wa rika letu swali moja jipya: dawa hii unagawana na nani? Siyo kama anagawana, bali na nani. Amepata watano, na wawili wapo kijiji cha pili. Wote vidonge vyao viliisha sawasawa. Sasa swali hilo limeingia kwenye fomu, na wenye rika moja wanaitwa pamoja, wanaelezwa pamoja.

Nimemeza.

Jumatatu, 19 Mei

Yiamat amerudi nyumbani. Anatembea na fimbo. Mkono wa kulia bado. Nimekwenda jioni, Naipanoi amenikaribisha kwa kichwa tu. Nilikaa, sikueleza chochote.

Yiamat ndiye aliyeanza. "Daktari amesema nimeze vyote mimi. Peke yangu. Kila siku, mpaka kufa." Aliitazama karatasi ya vidonge kama mtu aliyepewa adhabu. "Nitakuwa mzee gani huyo?"

Hapo ndipo nilipomwelewa, baada ya miezi miwili ya kumwonea wivu. Kilichoniuma mimi kwa kukosa, yeye kilimuuma kwa kupata.

Nimekuwa nikifikiri tangu hapo. Nimemeza.

Jumanne, 20 Mei

Saa moja asubuhi nimekwenda kwa Yiamat na kidonge changu cha kituoni kwenye karatasi. Nimekiweka mezani, karibu na chake.

"Nini hiki?"

"Changu. Hicho chako. Tutameza kwa pamoja, kikombe kimoja cha chai. Hakuna anayekula peke yake hapa."

Alitafakari. Yiamat hana haraka. "Vyako ni vibaya kuliko vyangu," akasema.

"Ni vibaya zaidi. Vinanikojoza."

Alicheka, upande mmoja, chai ikamwagika kidevuni. Naipanoi akaleta kikombe.

Saa nne kasorobo Nancy akafika. Alisimama mlangoni aliponikuta. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Kisha akampima Yiamat, nami nikamwandikia namba kwa sababu mkono wake haushiki kalamu: 148/90.

Jumanne, 27 Mei

Yiamat 140/84. Mvua inakatika. Mlima umeonekana wote leo, mara ya kwanza tangu Machi.

Jumanne, 3 Juni

Nancy amekuja kuchukua madaftari. Langu ameliangalia unene, akaniambia kwa sauti ya chini wakati Yiamat yuko nje na fimbo yake, "Mwalimu, naweza kunakili zile siku za dawa tu kwenye daftari jipya. Hayo mengine hayahitajiki. Hakuna atakayejua."

Alikuwa ananisitiri. Yule binti wa desimali.

"Hapana. Chukua lote kama lilivyo. Acha niandike ya leo."

Basi ya leo ni haya. Yiamat 136/82. Nimeiandika kwenye kadi yake kwa mwandiko wangu bora. Alipoisikia alinyoosha mkono wa kulia, ule uliolegea, na vidole viwili vikasogea. Nancy akapiga makofi, Naipanoi akapiga makofi, na majirani walikuwa wameshafika. Mimi hapa hakuna aliyenipima, wala hatanipima. Ijumaa nitashuka Sekei, nitakuwa wa thelathini na kitu kwenye foleni. Nilipotazama ile namba yake niliona wivu, uleule wa Machi, haujapungua hata kidogo. Na huo wivu uingie kwenye fomu, mkiona una maana.

Saa moja asubuhi, kikombe kimoja. Tumemeza, kila mtu chake.